Maneno ya Kapteni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilipita barazani kwa Letisia, fundi cherehani, kabla ya kwenda shuleni. Alikuwa ameshaniwekea chai kwenye kikombe cha bati chenye ua la bluu. Mimi nikinywa, yeye alinizunguka na kunikagua kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake: alivuta ukosi ukae sawa, akang'oa uzi uliolegea kwenye pindo, akaipiga sketi yangu makofi mawili ya kutoa chaki ya jana. "Nyie walimu," alikuwa akisema, "hata nguo zenu mnazivaa kama mmeazimwa." Kisha niliondoka. Zilikuwa dakika kumi tu, lakini siku yangu yote ilisimama juu ya dakika hizo.

Jumatatu ile kikombe kilikuwa kimelazwa kifudifudi juu ya meza ya cherehani. Kando yake palikuwa na daftari jipya, kalamu na bahasha.

"Leo hakuna chai?" nikauliza.

"Chai ipo. Kazi kwanza." Alinisogezea kigoda. "Niandikie barua ya kumkataa Cleopa."

Nilibaki nimesimama. Cleopa alikuwa fundi pancha wa Mikumi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, aliyekutana na Letisia siku alipoleta turubai la lori lishonwe. Wiki tatu nyuma watu wake walikuwa wameleta barua ya posa, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni. Baba yake Letisia alikwisha kufariki, kwa hiyo barua ilipokewa na shangazi yake, Mama Teresia. Naye baada ya kusomewa alimwambia, "Mwanangu, jibu ni lako, mimi yangu ni miguu tu." Miguu hiyo ilipangiwa Jumapili inayofuata.

"Umeamua lini?" nikauliza.

"Jumamosi. Kwenye picha uliyotutafsiria." Alicheka kidogo, akaona aibu. "Usinione mtoto. Lakini kama yule mzungu amekaa gerezani miaka sita na hakumsahau mtu wake, mimi Goodhope nimkatie tamaa kwa miaka minne? Yale maneno ulivyoyasema, Tumwa, nilisikia kama ni Goodhope mwenyewe anasema."

Goodhope alikuwa ameondoka Kilosa kwenda Tunduru kuchimba vito, mwaka ule watu walipokuwa wanauza hata mabati ya nyumba ili wapate nauli ya kwenda huko. Aliahidi kurudi kumwoa Letisia kabla ya mvua za masika. Aliandika barua moja.

Kengele ya shule ilikuwa haijalia, lakini nikasema nimechelewa. Nikasema nitaandika jioni. Niliondoka bila chai, na uzi ukining'inia kwenye pindo, kwa sababu yale maneno hayakuwa ya Kapteni. Yalikuwa yangu.

*

Banda la video la Ditram lilikuwa Magomeni ya Kilosa, nyuma ya nyumba za zamani za reli ambako babu yake aliletwa na kazi. Lilikuwa na mabenchi tisa, televisheni moja, deki moja, na jenereta iliyokohoa nyuma ya ukuta. Picha za ngumi Ditram alizitafsiri mwenyewe, kwa maiki, na watu walimpenda, kwa kuwa picha zenyewe zilihitaji maneno machache. Lakini Jumamosi saa nane mchana lilikuwa onyesho la akina mama, na akina mama walikuwa wamechoka na ngumi.

Siku moja alinifuata hadi shuleni, kofia mkononi. "Mwalimu, nimeletewa mkanda kutoka Morogoro, ni wa mapenzi ya wazungu wa kale, magauni yanaburuta chini. Watu wanaongea tu. Hakuna anayempiga mtu. Mimi nitasema nini kwa saa mbili nzima?"

Alinitajia jina la picha, nikalitambua. Ilitokana na riwaya ya zamani niliyoisoma chuoni, kitabu kilichochakaa mpaka jalada lake lilikuwa la karatasi ya saruji. Nilikuwa nimekisoma mara mbili na kukililia mara mbili. Nikamwambia nitatafsiri, ila watu wasinione. Darasani naweza kusema kwa kuwa wanaonisikiliza ni watoto. Mbele ya watu wazima siwezi. Ditram akatundika kitenge kuanzia darini mpaka chini, nikakaa nyuma yake kando ya televisheni. Kitenge kilikuwa na tundu la moto wa sigara. Kupitia tundu hilo nililiona benchi la mbele, na kwenye benchi la mbele alikaa Letisia.

Nyuma ya kitenge nilikuwa mtu mwingine. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa nene, haina haya. Niliwaambia habari za Klara, binti wa msaga nafaka, aliyevishwa pete na Kapteni kabla hajavuka bahari kwenda vitani. Niliwaambia jinsi alivyongoja miaka sita bila barua, na jinsi daktari wa kijiji, mgane asiye na maneno mengi, alivyokuwa akipita kila wiki kumtazama baba yake mgonjwa, kisha akaendelea kupita hata baba alipopona. Hata Joha, muuza dagaa ambaye huwa hakai dakika mbili bila kusema neno, alinyamaza.

Mwishoni Kapteni anarudi. Anasimama kwenye lango la bustani, kofia mkononi. Klara hamkimbilii. Anauliza jambo moja tu: "Ulikuwa wapi?" Na Kapteni anamtazama, anasema, "Hakuna kilichonizuia kuandika. Nilikusahau."

Nililijua jibu hilo kabla hajafungua kinywa. Chuoni ndilo lililoniliza. Lakini nilipochungulia kwenye tundu nilimwona Letisia ameuma pindo la kanga yake, macho hayapepesi, shingo ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe kwenye orodha. Kapteni alikuwa ameshamaliza kusema. Spika ilikuwa kimya, watu wananingoja.

Nikasema, "Nilifungwa gerezani ugenini, Klara. Barua zangu zilizuiwa. Sikukusahau hata siku moja."

Benchi zima likashusha pumzi. Mimi pia. Halafu nikakumbuka kwamba picha haijaisha.

Kwenye picha Klara alilifunga lango taratibu, Kapteni akabaki nje, kisha Klara akageuka na kushika njia ya mtoni. Nikasema, "Anakwenda kumwambia baba yake kwamba aliyengojewa amerudi." Lakini njia ya mtoni haikufika kwa baba yake. Ilifika kwa daktari. Daktari alifungua mlango, akiwa ameshika taa. Nikasema, "Anapita kumuaga daktari." Daktari akamshika mkono, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa, maandishi yakaanza kupanda.

"Kuaga gani huko kwa kuingia ndani?" ikauliza sauti ya Joha gizani, na watu wakacheka.

Nje hawakuondoka. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta wakaichambua picha kama wanavyochambua mchele. Mimi nilijificha mlangoni, najifanya nakunja waya wa maiki.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema Joha. "Stelingi, mwenye picha, ni yule anayeonekana wa kwanza. Kapteni ameonekana wa kwanza, yuko juu ya farasi. Daktari katokea baadaye na baiskeli mbovu. Stelingi hawezi kukosa mke."

"Sasa mbona kaachwa nje ya geti?" akauliza mwingine.

"Uzungu huo. Wenzetu hata furaha wanaipangia foleni."

"Mimi nimemhurumia daktari," alisema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Kamtibu baba mtu bure, kapita kwenye tope, mwisho anaagwa."

"Kwani dawa ni mahari?"

Wakacheka. Ndipo aliposema Seleina, muuza maziwa, ambaye watu wake wanachunga ng'ombe huko bondeni na ambaye Kiswahili chake ni kifupi, hakina mapambo. Alikuwa ameketi juu ya dumu lake tupu.

"Yule Kapteni hakutoka gerezani," alisema.

"Kasema mwenyewe katoka," Joha akamjibu. "Hukusikia?"

"Nilisikia. Niliona pia. Mtu wa gerezani hana buti za kung'aa hivyo. Na anayeomba msamaha haangalii machoni. Yule aliangalia. Na mwanamke uso wake ulikufa, halafu ukapona. Mwanamke akipewa habari njema, uso haufi kwanza."

Niliushika waya mpaka vidole vikauma.

"Seleina wewe umezoea kusoma nyuso za ng'ombe," akasema Joha. "Mwalimu kasoma kitabu chenyewe. Mwalimu, au siyo?"

Walinigeukia wote. Ningeweza kusema pale pale. Nilisema, "Picha hizi za kale zina mambo mengi," na wakaridhika, kwa kuwa lilikuwa jibu la mwalimu.

Tulitembea na Letisia mpaka kwake, akaniaga, na nilipokuwa nimefika mbali nilimsikia anaimba.

*

Jumatatu jioni sikwenda kuandika, nikajitetea kwa madaftari ya kusahihisha. Jumanne pia. Jumatano baada ya masomo nilikwenda kwa Ditram nikamwomba airudishe ile picha Jumamosi, hata kwa kiingilio cha nusu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitakaa nyuma ya kitenge, na safari hii nitasema kilichosemwa. Sikutaka kumwambia Letisia uso kwa uso. Nilitaka Kapteni amwambie.

"Mkanda umeshapanda basi la Mikumi tangu Jumapili," alisema Ditram. "Una safari zake huo: Morogoro, Kilosa, Mikumi, halafu Ifakara. Lakini Mwalimu, umeniletea baraka. Akina mama wanaulizia kila siku. Wanasema una sauti ya kulia bila kulia."

"Mikumi nani anatafsiri?"

"Kuna jamaa pale, alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Kiingereza chake kakiokota mpakani. Anatia chumvi, lakini watu wa Mikumi wanamwelewa."

Kutoka hapo nikapita barazani. Letisia alikuwa anapunguza koti la mtumba. Siku hizo watu walikuwa hawashoni tena nguo mpya, walinunua za mnadani na kuleta zipunguzwe mabega. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikigeuza kikombe, akanimiminia chai, akaweka daftari mbele yangu.

"Andika kwa upole," alisema. "Cleopa hajanikosea."

Nikaandika. Nina mwandiko mzuri. Chuoni mwalimu wa kuandika ubaoni aliutumia kuwa mfano. Nikaandika, "Tunawashukuru kwa heshima mliyotupa." Nikaandika, "Binti yetu anayo ahadi ya zamani ambayo moyo wake haujaifungua." Nilipofika hapo kalamu iliacha doa, nikachana karatasi nikaanza upya. Mara tatu. Kila nilipoanza upya nilifungua mdomo ili niseme, na kila mara Letisia aliinua kichwa na kunitazama kwa shukrani, nikainamia tena karatasi.

"Unajua," alisema akiwa na pini mdomoni, "kama si wewe ningekubali. Nilikuwa nimeshaanza kupenda. Chumba chake kina milango miwili, mmoja unatazama barabara kuu. Alisema cherehani litakaa hapo, madereva waniletee viti vyao vilivyochanika. Nilikwambia?"

"Uliniambia," nikasema. Alikuwa ameniambia siku ile ile barua ya posa ilipofika, na siku hiyo chai ilinishinda kumeza.

Nilijiambia kwamba nilifanya kwa huruma. Nilijiambia hivyo nikiandika, nikiiweka barua kwenye bahasha, na usiku kabla ya kulala. Neno lenyewe ni zuri, lakini kila nilipolirudia lilizidi kupungua, kama sabuni.

Jumamosi Mama Teresia alikuja na kitambaa cheupe. Ndani yake aliifunga barua yangu, palepale ilipokuwa barua ya Cleopa, maana posa ikikataliwa kitambaa hurudi kwa mwenyewe. Akafunga fundo, halafu akasema jambo ambalo hatukulitarajia.

"Kesho utakuja na mimi, Letisia."

"Mimi, shangazi? Tangu lini mwari anapeleka jibu lake?"

"Tangu mimi nilipoona kijana wa watu amepanda gari mara mbili kuja kukaa barazani kwangu akiwa ameshika kofia yake kama mtoto wa shule. Siwezi kumwambia hapana peke yangu. Utakaa pembeni, aone si mimi niliyemkataa. Na Mwalimu atakuja kusoma, mimi barua sijui."

*

Tuliondoka baada ya misa ya kwanza. Barabara ilipita kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa, mkonge umekua mpaka umetoa milingoti, na vumbi lilitukalia kwenye nyusi. Letisia alikaa dirishani. Mimi nilikaa katikati, na begi la Mama Teresia lilikuwa kwenye mapaja yangu, nikiusikia uzito wa kitambaa kile kana kwamba kimefungwa jiwe.

Mikumi tulishukia kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika na nyani wanakaa kwenye matuta wakisubiri maganda ya ndizi. Cleopa alikuwa anatungojea. Alikuwa amevaa shati jeupe, lakini mikono yake ilibaki na weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni. Kwa baba mdogo wanatutegemea saa saba, kwa hiyo tunywe chai kwanza." Akatupeleka kwenye mgahawa wenye meza za mbao, akaagiza chai na chapati, akaketi upande wa pili, mbali na Letisia, kama inavyotakiwa. Hakuuliza jibu. Alilitazama begi mara moja tu, kisha akatazama barabara.

Chai ilipofika akatafuta la kusema, na alichokipata kilikuwa kile nilichokuwa naomba asikipate.

"Juzi hapa walionyesha picha moja ya kale. Mimi picha za kuongea huwa nasinzia, lakini ile nilikaa mpaka mwisho. Ya Klara na Kapteni."

"Tumeiona," alisema Letisia. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mmeiona? Enhe, mliionaje?"

"Wewe uliionaje?"

Cleopa alikuna shavu. "Watu wengi hapa walimpenda daktari. Daktari ni mtu mwema, sikatai. Lakini mimi nilimpenda Kapteni."

"Hata mimi," akasema Letisia, na kwa mara ya kwanza walitazamana.

"Si kwa sababu ni mzuri," Cleopa aliendelea. "Kakosa sana. Lakini angeweza kudanganya. Hakuna aliyejua alikuwa wapi. Angesema aliugua, angesema meli ilizama, yule dada angelia wangeoana. Akasimama pale akasema kweli: nilikusahau. Mimi ningekuwa yeye sijui kama ningeweza."

Letisia aliweka kikombe chini. "Hakusema hivyo."

"Alisema."

"Alisema alifungwa gerezani. Barua zake zilizuiwa."

"Nani kafungwa?" Cleopa alishangaa kweli. "Huku hapakuwa na gereza."

"Huku mnatafsiriwa na utingo," alisema Letisia, na sauti yake ilikuwa ya utani lakini ndani yake palikuwa na kiburi, kiburi kwa ajili yangu. "Sisi Kilosa tulitafsiriwa na mwalimu, amesoma mpaka kitabu chenyewe. Huyu hapa."

Cleopa alinitazama, akainamisha kichwa. "Basi Mwalimu ndiye sahihi. Sisi huku tunapewa makombo." Akacheka mwenyewe. "Kumbe nilimpenda mtu ambaye hayupo."

Ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyenidai chochote zaidi. Elimu yangu ilikuwa imenisimamia kama wakili, na mtu mkweli alikuwa amejiona mjinga mbele yangu na kukubali. Mama Teresia alivuta begi kutoka mapajani kwangu, akalifungua, akatoa kitambaa cheupe na kukiweka mezani.

Nilitafuta kitu cha kujificha nyuma yake. Palikuwa na birika tu.

"Leti," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya spika. "Yule utingo wa huku hakukosea."

"Hakukosea nini?"

"Hakukosea. Kapteni alisema, 'Hakuna kilichonizuia kuandika. Nilikusahau.' Ndivyo alivyosema kwenye picha, na kwenye kitabu ndivyo ilivyoandikwa. Hakuna gereza. Klara hakwenda kumuaga daktari. Alikwenda kwa daktari. Gereza nililitunga mimi."

Lori lilipita, meza ikatetemeka. Cleopa akasimama. "Naenda kulipia chai," alisema, ingawa alikuwa ameshalipa, akaenda kusimama mbali karibu na barabara, ametupa mgongo.

"Mwalimu," alisema Mama Teresia.

Letisia alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa umekufa, kama alivyosema Seleina, na sikujua kama utapona. "Kwa nini?"

"Nilikuona. Ulikuwa umeuma kanga. Nilikuonea huruma."

"Huruma." Alilitamka polepole, kama anayelipima kwa futi. "Ungenionea huruma ungeniambia. Hiyo ulimwonea Goodhope. Umemtafutia mpaka sababu, yeye mwenyewe hajaitafuta."

"Nisamehe."

"Na Jumatatu? Jumatano, unaandika, unachana, unaandika? Nilidhani unatafuta maneno mazuri."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi siyo mwalimu mkuu. Ungeniambia ningekununia siku mbili, ya tatu ungekunywa chai." Alifungua fundo la kitambaa. Akaitoa barua yangu, ile yenye mwandiko mzuri, akaiweka chini ya kisahani chake ambako chai ilikuwa imemwagika, na wino ukaanza kutanda. Kitambaa hakukirudisha mezani. Alikikunja mara mbili, akakiweka mapajani, akaweka kiganja juu yake. "Uliogopa nini, Tumwa? Sema."

Nilimwangalia Cleopa pale barabarani, mgongo wake mpana ndani ya shati jeupe, na nyuma yake nyumba fupi yenye milango miwili, mmoja ukitazama malori. Mbele ya mlango huo mtu alikuwa ameshafagia.

"Kina nafasi ya cherehani," nikasema. "Chumba chake. Uliponiambia hivyo nilijua utakwenda. Ile picha haikuwa imefika bado, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kukuzuia." Watu wa meza ya pili waligeuka, nikaendelea. "Sikukuonea huruma, dada. Sikutaka uje Mikumi. Nilitaka kila asubuhi nikipita, uwepo."